Kushtaki Si Kuhukumu: Asili ya Neno "Impeach"

Kitenzi cha Kiingereza "impeach" hufasiriwa mara nyingi kuwa ni kumng'oa kiongozi madarakani. Historia yake yasema vingine.

Katika Kilatini, "impedicare" ni kutia pingu miguuni, kwani "pedica" ni pingu ya mguu. Kifaransa cha kale kikalirithi neno hilo kwa maana ya kuzuia. Kiingereza nacho kikalipokea, na katika sheria likawa na maana ya kushtaki. Mwaka 1376 Bunge la Uingereza lilimshtaki William Latimer kwa utaratibu huo: Makabwela walishtaki, Malodi wakahukumu.

Nchini Marekani, Rais Andrew Johnson alishtakiwa na Baraza la Wawakilishi mwaka 1868. Seneti ilipopiga kura, ilipungua kura 1 tu ya kumtia hatiani, naye akamaliza muhula wake. Alishtakiwa, hakuondolewa.

Katiba yetu ya Tanzania, ibara ya 46A, imeitenganisha vyema mipaka hiyo. Yataja kwanza hoja ya kumshtaki Rais. Kisha uchunguzi wa kamati na nafasi ya kujitetea. Mwisho, azimio la kumwondoa.

Nilipokuwa nikifundisha sekondari, niliwasisitizia wanafunzi kwamba fasiri ya pupa huzaa dhuluma. Mwandishi anayetangaza "ametimuliwa" siku ya mashtaka amemhukumu mtu ambaye bado hajasikilizwa. Tuseme "ameshtakiwa", tusubiri hukumu.