Baba, Mwana na Samaki Waliokufa Bila Sababu

Kuna vifo vya samaki ambavyo mfugaji huvielewa mara moja. Umeme ukikatika usiku kucha, pampu ya hewa ikasimama na samaki wakaanza kutweta juu ya maji, sababu iko wazi. Samaki akijaa vidoadoa vyeupe mwilini, ugonjwa wake unajulikana na dawa inauzwa. Kinachotatanisha ni kifo cha aina ya tatu. Tangi ni jipya, maji ni maangavu, chakula kipo, mapovu yanapanda, samaki hana jeraha wala doa. Hata hivyo, katika wiki ya pili au ya tatu wanaanza kuelea mmoja baada ya mwingine. Leo kemia ya kifo hicho si siri. Samaki hutoa taka yake ya naitrojeni kama amonia, hasa kupitia matamvua, na amonia ikirundikana humuua. Katika tangi lililokomaa bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitreti, ambayo samaki huistahimili kwa kiasi kikubwa zaidi. Tangi jipya halina bakteria wa kutosha. Maelezo hayo ni mafupi na mepesi, na hapo ndipo linapozuka swali la kihistoria: kama jibu ni jepesi hivyo, kwa nini wafugaji waliishi karibu karne nzima bila kulitumia? Hoja ya makala haya ni kwamba hawakuponzwa na ujinga. Waliponzwa na nadharia yenye nusu ya ukweli, iliyofanikiwa kiasi cha kumfanya mtu asiulize zaidi.

Nadharia hiyo ilizaliwa London. Mwaka 1845 Uingereza ilifuta kodi ya vioo, na vyombo vya kioo vikaanza kupatikana kwa bei nafuu. Miaka minne baadaye Robert Warington, mkemia wa chama cha wauza dawa cha London na mmoja wa waanzilishi wa jumuiya ya wanakemia nchini humo, alichukua chombo cha kioo cha galoni 12, yaani lita 54 hivi, akatandika mchanga na mawe, akapanda mmea wa majini uitwao Vallisneria, na kutia samaki wa dhahabu wawili. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kisha majani makuukuu yakaoza, utelezi wa kijani ukatanda na maji yakachafuka. Warington hakumwaga maji. Alitia konokono wachache wa bwawani. Konokono wakala uozo na utelezi, maji yakarudi kuwa safi, samaki wakaishi. Mwaka 1850 alichapisha matokeo hayo katika jarida la jumuiya yake, na ulimwengu ukapata kanuni ya kwanza ya ufugaji wa samaki nyumbani: mnyama, mmea na mla uozo wakiwekwa kwa uwiano unaofaa, maji hayahitaji kubadilishwa.

Maelezo ya Warington kuhusu mafanikio hayo yalikuwa ya gesi. Tangu miaka ya 1770, majaribio ya Joseph Priestley na baada yake Jan Ingenhousz yalikuwa yameonyesha kwamba mmea huirudishia hewa uwezo ambao pumzi ya mnyama huiondolea. Mkemia wa mwaka 1850 aliyeona mmea na samaki katika chombo kimoja angewaza nini tena? Samaki hutoa hewa ya ukaa na kuhitaji oksijeni. Mmea, ukipata mwanga, hufanya kinyume chake. Kwa hiyo wawili hao hukamilishana. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya Regent's Park ilifungua nyumba ya samaki kwa umma, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake The Aquarium, kilichozigeuza sebule za watu wa tabaka la kati kuwa bahari ndogo. Kanuni ya uwiano ikaenea pamoja na matangi, na samaki wakifa dawa ilikuwa ileile: ongeza mimea, punguza samaki, sogeza tangi dirishani, ingiza hewa. Ushauri huo haukuwa wa kipuuzi, ila ulielekeza macho yote kwenye pumzi ya samaki na kuyaondoa kwenye choo chake.

Jibu lililokosekana lilitoka kwenye samadi na maji taka. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya walikuwa wakitengeneza shura kwa ajili ya baruti kwa kurundika samadi, udongo na chokaa, bila kujua ni nini hasa kinachofanyika ndani ya rundo. Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Théophile Schloesing na Achille Müntz, waliripoti jaribio ambalo mfugaji wa samaki wa leo akilisoma atadhani anasoma habari za chujio lake. Walijaza mchanga na chokaa katika bomba refu, wakayapitisha maji taka polepole bila kukoma. Kwa siku 20 hivi amonia ilitoka ilivyoingia. Baadaye nitreti ikaanza kuonekana, na amonia ikatoweka. Wakapitisha mvuke wa klorofomu, unaolemaza viumbe hai, na kazi ikasimama. Wakatia maji yaliyosuuza udongo wenye uhai, nayo ikaanza upya. Basi kazi ile ilifanywa na viumbe hai, wala haikuwa kemia ya mchanga peke yake, na viumbe hao walihitaji wiki kadhaa kuzaliana kabla ya kufaa. Wiki hizo za kungoja ndizo wiki ambazo samaki wa tangi jipya hufa.

Aliyeichukua kazi hiyo nchini Uingereza alikuwa Robert Warington, lakini si yule wa samaki wa dhahabu, ambaye alifariki mwaka 1867. Huyu alikuwa mwanawe wa jina hilohilo, mkemia wa kilimo katika kituo cha utafiti cha Rothamsted, kaskazini mwa London. Alithibitisha matokeo ya Wafaransa, kisha akaonyesha kwamba kazi hufanyika kwa hatua mbili, amonia kwenda nitriti na nitriti kwenda nitreti, na kwamba kila hatua ina viumbe wake. Ripoti zake zilitoka katika jarida la jumuiya ileile iliyochapisha jaribio la baba yake. Kuwatenga bakteria wenyewe kulimshinda, kwa sababu hawakubali kuota katika vyakula vya kawaida vya maabara. Mwaka 1890 Sergei Winogradsky, mzaliwa wa Kyiv aliyekuwa akifanya kazi Zürich, aliwaotesha kwa kuwanyima chakula chochote cha kaboni-hai. Kwa hiyo, miaka 40 tu baada ya tangi la Warington baba, sayansi ilikuwa na kila kitu kinachohitajika kumweleza mfugaji kwa nini samaki wake wanakufa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo iliandikwa na mtu aliyekulia katika nyumba ya mwanzilishi wa ufugaji huo. Penye miti hapana wajenzi. Wakulima waliisoma elimu hiyo kwa sababu ya mbolea, wahandisi wa maji taka waliitumia kujenga vitanda vya mawe vya kusafishia uchafu wa miji, na wafugaji wa samaki wakaendelea kuhesabu mapovu ya oksijeni kwenye majani.

Mtetezi wa wafugaji hao anaweza kuuliza: ikiwa nadharia yao ilikuwa na kasoro, mbona matangi yao mengi yaliishi miaka na miaka? Swali hili ndilo kiini cha jambo lenyewe. Yaliishi kwa sababu kanuni ya uwiano ilimwamuru mfugaji kufanya mambo sahihi kwa sababu isiyo sahihi. Mchanga na mawe aliyotandika kwa ajili ya mimea yalikuwa makazi ya bakteria. Mimea aliyoipanda ili itoe oksijeni ilikuwa ikinyonya amonia kama mbolea. Idadi ndogo ya samaki aliyoishikilia kwa kuhofia kukosa hewa ilipunguza taka. Ushahidi mkubwa zaidi ni tangi la maji ya bahari lililofunguliwa Crystal Palace, London, mwaka 1871 chini ya William Alford Lloyd, muuza vifaa vya samaki aliyegeuka mhandisi wa matangi makubwa. Lloyd alijenga hifadhi kubwa ya maji gizani, chini ya matangi ya maonyesho, na pampu ikayazungusha maji yaleyale usiku na mchana. Yeye aliona siri yake kuwa ni mwendo wa maji na hewa inayoyapata. Ila maji yanayopita bila kukoma juu ya kuta na mawe, yakiwa na oksijeni tele, ndiyo hali ambayo bakteria wa Winogradsky huitaka. Mfumo uliofaulu hivyo haukumpa mtu sababu ya kuihoji nadharia yake. Na tangi liliposhindwa, kulikuwa na sababu tayari ya kutaja: uwiano haukupatikana. Nadharia inayodai ushindi kwa kila samaki aliye hai, na kumlaumu mfugaji kwa kila samaki aliyekufa, haiwezi kusahihishwa na vifo.

Wengine watasema kosa lilikuwa la vipimo: amonia haionekani wala haitii maji rangi, na mtu wa kawaida angeigunduaje? Utetezi huu una uzito, lakini hautoshi. Kemikali ya Nessler, inayobadilika kuwa manjano inapokutana na amonia, ilijulikana tangu 1856, na katika miaka iliyofuata wachunguzi wa maji ya kunywa waliitumia kwa mazoea. Kipimo kilikuwapo kabla ya haja ya kukitumia kuonekana. Anayeamini kwamba samaki amekosa hewa hatapima amonia hata akiwa na chupa ya Nessler mkononi. Ndiyo maana nadharia yenyewe ilipaswa kutikiswa kwanza. Mwaka 1949 James Atz, mtaalamu wa samaki wa New York, aliandika makala mashuhuri akiuita uwiano huo hadithi tupu: oksijeni nyingi ya tangi, alieleza, huingia kutoka hewani kupitia uso wa maji, na hewa ya ukaa hutoka kupitia hukohuko, mimea iwepo au isiwepo. Kwamba makala hayo yalihitajika, miaka 99 baada ya jarida la 1850, ni ushahidi wa jinsi nadharia ile ilivyokuwa imeshika.

Baada ya hapo mabadiliko hayakukawia. Katika miaka ya 1950 wafugaji wa Marekani walianza kutumia chujio la chini ya changarawe, linalovuta maji kupitia mawe madogo, na kwa kufanya hivyo wakaliingiza sebuleni bomba la Schloesing na Müntz. Kufikia miaka ya 1970 vitabu vya ufugaji, hasa cha Stephen Spotte cha mwaka 1970, viliweka kazi ya bakteria mahali ambapo pumzi ya mimea ilikuwa imekaa. Mabadiliko hayo yalikuja wakati samaki wa maziwa yetu, Nyasa na Tanganyika, walipoanza kusafirishwa kwa wingi kwenda Ulaya na Marekani, nao wasingevumilia kosa la zamani. Amonia huwa na sura mbili ndani ya maji, na inayoua ni ile isiyo na chaji ya umeme. Katika maji ya pH 7 yenye nyuzi joto 25, sehemu hiyo ya sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Katika pH 9, ambayo ndiyo hali inayokaribia ya Ziwa Tanganyika, hupita theluthi moja. Kiasi kilekile cha taka ambacho samaki wa dhahabu angekistahimili katika maji ya kawaida kingemuua samaki wa Kigoma katika maji yaliyotengenezwa kuiga ziwa lake. Tofauti hiyo ni kubwa mno kwa oksijeni kuieleza.

Linabaki pingamizi la mwisho, nalo ndilo zito kuliko yote: je, hatujabadilisha tu hadithi moja kwa nyingine, na leo kila samaki afaye tunamwita mhanga wa amonia? Hatari hiyo ipo. Mwaka 1996 Timothy Hovanec na Edward DeLong walichunguza vinasaba vya bakteria wa matangi ya maji baridi, na Nitrobacter, ambaye vitabu vilikuwa vikimtaja kwa miaka mingi kuwa ndiye anayeondoa nitriti, hakuonekana. Uchunguzi wa baadaye ulielekeza kwenye kundi la Nitrospira, na mwaka 2015 ikagunduliwa kwamba baadhi ya Nitrospira hufanya hatua zote mbili peke yao. Baadhi ya bakteria hao walipatikana katika chujio la mtambo wa kufugia samaki. Aidha, wapo wauaji wengine wasioonekana: klorini ya maji ya bomba, shaba iliyotoka kwenye mabomba, tofauti ya ghafla ya joto. Lakini kuna tofauti moja ya msingi. Nadharia ya uwiano haikusema ni kitu gani kipimwe ili ijulikane kuwa imekosea. Nadharia ya amonia husema. Tangi likipimwa likakutwa halina amonia wala nitriti, basi muuaji ni mwingine, na mfugaji analazimika kutafuta. Hiyo ndiyo faida aliyopata mfugaji wa leo kutoka kwa Warington mwana, na ni kubwa kuliko jina la bakteria yeyote: kifo kisichoelezeka sasa kina swali la kwanza linaloweza kujibiwa kwa namba. Anayemwaga dawa ndani ya maji kabla ya kuyapima amerudi mwaka 1850, hata kama pampu yake ni ya mwaka huu.