Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Juma hili nawaomba tuvuke pamoja hadi Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, wilaya ya Mkoani. Ni kisiwa cha wavuvi. Jumanne ya tarehe 5 Machi 2024, watu wa huko walikula nyama ya kasa, kitoweo kinachopendwa tangu enzi za mababu. Siku chache baadaye walikuwa wamezikwa watoto 8 na mama wa mmoja wao. Wengine 78 walilazwa hospitali.

Nauanza mjadala wetu na msiba huo kwa sababu moja. Pemba si kisiwa kilichosahauliwa na wataalamu wa wanyama. Wageni wamekuja kuchungua viumbe vyake tangu zamani, na siku hizi wanakuja vijana wa vyuo vikuu vya ng'ambo, wakiongozwa na walimu wao. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Swali langu ni hili: je, mwenyeji amepona?

Tuirudie historia. Karibu miaka 2,000 iliyopita, baharia mmoja aliyeandika kwa Kigiriki alieleza safari za biashara katika pwani yetu. Alitaja kisiwa alichokiita Menouthias, chenye kasa, mitumbwi iliyoshonwa, na watu wanaovua kwa vikapu. Wanazuoni hawajakubaliana iwapo ni Pemba, Unguja au Mafia. Alitaja pia magamba ya ng'amba miongoni mwa bidhaa zilizosafirishwa kutoka pwani hii. Mgeni huyo wa kwanza, basi, alimwona mnyama akaona biashara.

Mwaka 1903 alifika Pemba Mjerumani Alfred Voeltzkow, mkusanyaji wa viumbe. Miongoni mwa aliowachukua alikuwamo popo mkubwa, mwekundu wa kifua, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa Pemba. Mwaka 1909 mtaalamu mwenzake, Paul Matschie, alimpa popo huyo jina la kisayansi, nalo ni jina la Voeltzkow. Wapemba walikuwa wakimwona kila magharibi akiruka kwenda kwenye miembe, lakini jina lililoingia vitabuni likawa la mgeni.

Miaka 80 hivi ikapita. Misitu ilikatwa, popo wakawindwa kwa nyama. Mwaka 1989 wachunguzi waliona popo wachache mno hata ikahofiwa kwamba wanakwisha. Mwaka 1995 ukafanyika uchunguzi mwingine, ambao Abigail Entwistle na Nadia Corp waliuchapisha mwaka 1997. Ulikadiria popo kama 5,000. Mwaka 1996 popo wa Pemba aliwekwa katika daraja la viumbe vilivyo karibu kabisa kutoweka.

Kilichofuata ndicho ninachotaka tukizingatie. Safari hii elimu haikupanda meli ikaondoka. Idara ya misitu ya Zanzibar pamoja na shirika la Uingereza, Fauna & Flora International, waliingia vijijini. Viliundwa vikundi vya wanavijiji vya kuwalinda popo, na Kidike wenyeji wakaanza kuwapokea wageni wanaokuja kuwaangalia. Mwaka 2008 popo alipandishwa daraja kutoka ukingoni mwa kutoweka. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010, ulioshirikisha Wazanzibari, ulikadiria popo kama 20,000. Mnyama alipona pale mwenyeji alipohusishwa.

Sasa tuwatazame wanafunzi wetu wageni. Kwa zaidi ya miaka 20, School for International Training ya Vermont, Marekani, imekuwa ikileta Zanzibar vijana wa vyuo mbalimbali kusoma mazingira ya pwani. Hupewa wiki kadhaa, kila mmoja afanye utafiti wake. Wapo walioandika juu ya popo wa Pemba, wengine juu ya bahari ya Misali. Ni kazi ya kusifiwa. Hata hivyo, taarifa hizo zimeandikwa kwa Kiingereza, na mvuvi ambaye ndiye aliyemwonyesha kijana njia hazisomi.

Hapo ndipo wajibu wa kiongozi wa msafara unapoanzia. Kazi yake si kuhesabu mabegi na kupanga magari tu. Yeye ndiye awezaye kusema: kabla hatujaondoka, tutakaa barazani na wazee, kina mama na walimu wa skuli, tuwaambie kwa Kiswahili tulichokiona, nao watuambie tulichokosea.

Chukueni hili la kasa. Wataalamu wanajua kuwa nyama yake mara nyingine huwa na sumu, ambayo hudhaniwa kutokana na anachokula baharini. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika, haina dawa ya kuiondoa mwilini, na huwadhuru zaidi watoto. Kasa mwenye sumu hana alama ya kumtambulisha, na mtu aliyekula mara mia bila kudhurika atamwamini nani? Mwezi Novemba 2021 watu 7 walikufa kwa nyama hiyo hiyo kisiwani Pemba. Maonyo yalitolewa. Redio tulitangaza, nami ni mtu wa redio, sijivui lawama. Lakini sauti ya redio haina uzito wa mtu aliyekula nawe ugali na muhogo, akarudi mwakani kukusalimu.

Sisemi wanafunzi wageni ndio waliosababisha msiba wa Panza, la hasha. Nasema historia ya popo imetuonyesha elimu inavyoweza kuokoa ikikabidhiwa kijijini. Vyuo vyetu wenyewe, Zanzibar na Dar es Salaam, navyo vipeleke vijana wao huko, visiwaachie wageni peke yao. Anayekuja kumsoma kasa na amjue pia mama anayemteleka chunguni. Hapo ndipo tutakapomwambia mgeni karibu, tukiwa na hakika kwamba mwenyeji atapona.