Dawa Nyingi za Kupunguza Kilo Zilianza na Kazi Nyingine

Ukipitia TikTok usiku utadhani Ozempic ilitengenezwa ili mastaa wa Hollywood watoshee kwa nguo ndogo. Wapi! Ilipitishwa Marekani Desemba 2017 kama dawa ya watu wa sukari. Ni baadaye, Juni 2021, dawa ile ile, semaglutaidi, ilipewa dozi kubwa na jina jipya, Wegovy, ndipo ikapitishwa kwa unene. Na hii si mara ya kwanza. Kwa karibu miaka mia moja, dawa za kupunguza mwili zimekuwa zikiokotwa kwa kazi nyingine kabisa.

Anza na mabomu. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wafanyakazi wa viwanda vya silaha Ufaransa walikuwa wakishika kemikali inaitwa dinitrofenoli. Walitokwa na jasho jingi, wakapata homa, wakakonda, na wengine wakafa. Mtu wa kawaida angesema hiyo ni sumu, tuiache hapo. Lakini mwaka 1933 watafiti wa Stanford, Maurice Tainter na Windsor Cutting, waliangalia ile sehemu ya kukonda wakaona dawa. Fikiria matatu imesimama stage, dereva amekanyaga mafuta mpaka mwisho na gia haijaingia: petroli inaisha, injini inachemka, gari haliendi popote. Hivyo ndivyo dinitrofenoli inafanya mwili. Chakula kinachomwa kinageuka joto tupu. Kilo zilishuka kweli, na kwa muda mfupi karibu Wamarekani 100,000 walikuwa wameimeza. Halafu vijana wakaanza kupata mtoto wa jicho, ugonjwa tunaoujua kwa wazee, na wengine joto likapanda mpaka wakafa, juu hakuna kitu cha kulizima. Sheria mpya ya dawa ya 1938 ndiyo iliiondoa madukani. Kwa intaneti bado inauzwa, na bado inaua.

Iliyofuata ilitoka kwa pua. Amfetamini iliuzwa miaka ya 1930 kama kitu cha kuvuta pua ikiziba. Watu wakagundua hawalali na hawasikii njaa, na baada ya Vita vya Pili ikawa tembe za kupunguza mwili kila mahali. Sisi hapa hatukuhitaji maabara kujua hilo. Muulize mlinzi yeyote anayekesha na miraa ya Meru kama anakumbuka chakula cha usiku. Kemikali za miraa ni ndugu wa karibu wa amfetamini, na moja yao, kathini, iliwahi kuuzwa Ujerumani na Afrika Kusini ndani ya dawa za kupunguza hamu ya kula. Uingereza nayo ilipiga marufuku miraa yenyewe mwaka 2014. Sijui nicheke ama nikasirike.

Hadithi inayoniuma zaidi ni ya miaka ya 1990. Kulikuwa na dawa mbili, fenfluramini na fentamini, kila moja imepitishwa kivyake. Mwaka 1992 daktari Michael Weintraub alichapisha utafiti kwamba ukizichanganya watu wanapungua vizuri. Utafiti wenyewe ulikuwa na watu 121 tu. Huo mchanganyiko haukuwahi kupitishwa na serikali, lakini madaktari waliuandika kwa mamilioni. Mwaka 1997 hospitali ya Mayo ikaripoti wanawake 24 ambao vali za moyo zilikuwa zimeharibika, na Septemba hiyo fenfluramini ikatolewa sokoni. Cha ajabu, mwaka 2020 ilirudi, safari hii kwa dozi ndogo, kutibu watoto wenye kifafa kikali, moyo ukipimwa mara kwa mara. Kwa hivyo dawa ya zamani kupewa kazi mpya si tatizo. Uliza nani alipima, na kwa watu wangapi.

Ndiyo maana sitaiweka semaglutaidi kapu moja na dinitrofenoli. Ukoo wa dawa hizi una hadithi tamu pia: ya kwanza kupitishwa, mwaka 2005, ilitokana na mate ya mjusi mwenye sumu wa jangwa la Marekani, ambayo John Eng aliyachunguza akiwa hospitali ya wanajeshi wastaafu, Bronx. Lakini kabla semaglutaidi kupewa kazi ya unene, ilijaribiwa kwa utafiti wa watu 1,961 kwa wiki 68, na waliopewa dawa yenyewe wakapoteza karibu asilimia 15 ya uzito. Walipofuatilia baadhi yao mwaka mmoja baada ya kuacha sindano, theluthi mbili ya hizo kilo zilikuwa zimerudi. Hiyo sehemu mainfluensa hawasemi. Wala hawasemi kwamba hiyo mbio ilifanya watu wa sukari nchi nyingi kukosa dawa yao.

Sasa nyumbani. Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulionyesha asilimia 33 ya wanawake Wakenya wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi, kutoka 25 mwaka 2008-09. Hitaji lipo. Lakini mitaani kwetu mchezo wa kugeuza kazi ya dawa tunaujua kwa upande wa pili: siproheptadini, dawa ya mzio, na deksamethasoni, dawa ya uvimbe, zinamezwa na wasichana ili wapate hipsi. Deksamethasoni inapandisha sukari, inadhoofisha mifupa, na ukiacha ghafla mwili unaweza kuzima. Mtaa wangu unaitwa Witeithie, yaani jisaidie, na kwa dawa tunalichukua hilo jina serious sana.

Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu Ozempic feki. Septemba 2025 likaweka semaglutaidi kwa orodha ya dawa muhimu, kwa watu wa sukari wenye unene na magonjwa ya moyo ama figo. Mwisho wa hataza yake India ni 2026, na India ndiko tembe zetu nyingi za bei nafuu hutoka. Kwa hivyo itafika Thika Road. Ikifika, mimi nitauliza kwa kaunta: nani atapima sukari na figo zangu kabla ya sindano ya kwanza, na yule mama wa kliniki ya sukari amewekewa yake?