Raia: neno lililotoka malishoni

Mtu wa Leta akifika kijijini kwetu, anauliza: « Raia wako wapi? » Askari akitaka kujitenga na sisi anasema: « Wewe ni raia tu. » Hapa Lusangi, na katika Kasongo na Kabambare nzima, neno hili tunalisikia kila siku. Lakini si wengi wanajua kama lilianza kwa wachunga kondoo.

Raia ni neno la Kiarabu. Shina lake lina maana ya kuchunga na kulisha nyama wa kufugwa. Anayechunga anaitwa rai. Kundi lenyewe ni raiya, na baadaye jina hilo likapewa watu walio chini ya mtawala. Neno lilitembea mbali. Huko India mkulima aliitwa raiyat, na huko Indonesia wananchi wanaitwa rakyat. Hata Hispania, ambako Waarabu walitawala karne nyingi, mkubwa wa wachungaji anaitwa rabadán, jina la Kiarabu lenye maana ya bwana wa kondoo. Wao walichukua jina la mwenye kuongoza kundi, na sisi tukachukua jina la kundi.

Kwetu lilifika ndani ya Kiswahili, pamoja na misafara ya watu wa pwani iliyopita Kabambare kwenda Kasongo na Nyangwe. Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871, aliwakuta wafanyabiashara hao tayari. Wakati wa Tippu Tip watu wetu wengi walifungwa na kuuzwa. Mwaka 1893 jeshi la Leopold II likateka Kasongo, na utawala ukabadilika mikono. Kuanzia 1917 sheria ya Wabelgiji iliwalazimisha raia kulima mashamba ya Leta, pamoja na pamba, hata siku 60 kwa mwaka. Hivi wazee wetu walizoea kusikia raia kama jina la mtu wa kuhesabiwa, kulipishwa kodi na kusukumwa. Mobutu naye, kwenye miaka ya 1970, aliamuru tuitane citoyen. Jina lilikuwa zuri, lakini fimbo haikubadilika.

Hiyo ni nusu tu ya maana. Kundi haliwezi kuitwa kundi la kuchungwa bila mchungaji, na mchungaji ana deni. Waislamu wetu wanajua fundisho la Mtume, lililomo katika Bukhari na Muslim: kila mwenye madaraka ni mchungaji, kiongozi juu ya watu wake na baba juu ya nyumba yake, na kila mmoja ataulizwa. Wakristo nao wanafundishwa habari za Mchungaji Mwema, asiyekimbia mbwamwitu akija.

Mtu atasema: sisi si wachungaji, mbuzi na kondoo wetu wanazunguka wenyewe kijijini, na ng'ombe wa kuchungwa wako milimani huko Itombwe. Ni kweli. Lakini tazameni namna tunavyosema: « Nichungie mtoto », « chunga siri », « chunga ahadi ». Kwetu kuchunga ni kutunza kitu cha mwingine mpaka umrudishie kikiwa kizima. Bila kuwa na malisho, tulishika maana ya ndani kabisa ya kazi ile.

Tangu vita vya 1996 na vile vya 1998, raia wa Kabambare wamekimbia porini mara nyingi, na wenye silaha wanaochukua mbuzi wao wanasema wanawalinda. Ndiyo sababu tunaomba walimu wenzetu, wakifundisha uraia darasani, wasiishie kwenye kodi na utii. Wafundishe na upande wa pili wa neno. Mtoto akijua kwamba raia ni mtu aliyewekwa mikononi mwa mwingine kama amana, atajua pia swali la kumwuliza sultani, kapita, askari na mheshimiwa deputé: kundi tulilokuachia liko wapi?