Malaria: Kwa nini wanabaiolojia na wanahisabati hawaelewani?

Mwanabaiolojia humchunguza mbu: anauma saa ngapi, anapumzika wapi, anataga wapi. Mwanahisabati humgeuza mbu huyohuyo kuwa namba. Wote wanapambana na malaria, lakini mara nyingi hawaelewani. Katika makala haya tunaeleza pengo hilo limeleta hasara gani.

Mwaka 1897, akiwa India, daktari Mwingereza Ronald Ross aligundua kuwa vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu. Alipohimiza mbu wapunguzwe, wengi walimpinga: mbu hawawezi kwisha, basi malaria nayo haitakwisha. Mwaka 1911 Ross aliwajibu kwa hesabu. Si lazima kuua mbu wote, alisema. Wakipungua chini ya kiwango fulani, ugonjwa hufifia wenyewe. Madaktari wengi hawakuizoea lugha hiyo, na hoja yake ikapuuzwa kwa miaka mingi.

Katika miaka ya 1950, George Macdonald aliifufua. Vimelea huhitaji takriban siku 10 ndani ya mbu kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Tuchukue mbu 100. Ikiwa kila siku asilimia 90 yao wananusurika, siku ya 10 watabaki kama 35. Wakinusurika asilimia 60, karibu wote watakuwa wamekufa. Kwa hiyo dawa ya kupulizia ukutani, inayofupisha maisha ya mbu mpevu, ina nguvu kuliko kuua viluwiluwi peke yake.

Lakini hesabu nayo hukwama isipomjua mbu vizuri. Huko Garki, kaskazini mwa Nigeria, katika miaka ya 1970, nyumba zilipuliziwa dawa na wanavijiji wakapewa dawa za malaria, lakini maambukizi hayakukatika. Sababu moja ni kwamba baadhi ya mbu walipumzika nje, mbali na kuta zenye dawa. Hata hivyo, mradi huo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, uliwashirikisha wanahisabati pamoja na watafiti wa mbu, na takwimu zake zinatumika hadi leo.

Hapo ndipo pengo linapozibwa: mwanahisabati aeleze kwa maneno ya kawaida amekadiria nini na ameacha nini, na mwanabaiolojia aulizwe kabla takwimu hazijakusanywa, si baada ya hesabu kukamilika.