Shetani wa Nairobi Hakuwa Kwenye Pete

Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwa laini ya pasipoti pale Nyayo House, lile jengo refu la manjano kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway. Laini haisongi, simu iko asilimia 9, na mbele yangu kuna mathe mmoja anamweleza jirani yake vile msanii fulani aliuza roho ndio atoboe. Ati ukiangalia video yake vizuri kuna mahali vidole vinachora pembetatu, na ile pete yake si pete ya kawaida. Mwenzake akaitikia: "Hii Nairobi imejaa hao watu."

Wote tulikuwa tumesimama juu ya seli ambazo serikali yetu wenyewe ilitesea watu. Ziko hapo chini, kwenye besimenti ya jengo lilelile. Hakuna aliyezitaja. Hata mimi sikuzitaja, na mimi nilijua.

Niliposikia "hao watu" nilikumbuka kitu. Nikiwa kidato cha pili, kwenye shule moja ya bweni ambayo sitaitaja, nilikaa dawati moja na msichana aliyependa kuchora. Alichora nyuma ya daftari la hesabu, kwenye kiganja, hadi kwenye karatasi za mtihani. Muhula wa pili wasichana wakaanza kuzirai bwenini usiku, mmoja baada ya mwingine, na kufikia Ijumaa shule nzima ilishajua sababu: kuna mtu analeta mambo ya kuabudu shetani. Masanduku yakapekuliwa. Kwa daftari lake wakapata mchoro wa joka lenye macho mawili makubwa, moja linaangalia mbele, lingine linaangalia nyuma. Huo ndio ukawa ushahidi. Tuliomba kwenye ukumbi wa chakula hadi saa saba usiku, yeye akiwa amepigishwa magoti mbele yetu. Nami nilisema amina. Nilisema kwa sauti, manze, kwa sababu nilijua wakimaliza na yeye, anayefuata ni aliyekaa karibu naye. Jumatatu babake akaja na Probox kumchukua. Hakurudi.

Kwa hivyo nikisema nataka kuandika historia ya shetani wa Nairobi, nina deni. Nataka kujua nani alitufunza kumtafuta kwenye madaftari ya watoto.

Tuanze mwanzo kabisa, maana huyu shetani si mwenyeji hapa.

Hadithi ya uumbaji niliyopewa na shosho wangu huko Dagoretti haina nyoka. Ngai anamchukua Gĩkũyũ hadi juu ya Kĩrĩnyaga, anamwonyesha nchi, anampa Mũmbi, wanakaa Mũkũrwe wa Nyagathanga na wanapata mabinti. Mabinti ni tisa kamili, ambao ukiwahesabu wanakuwa kumi, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine. Hakuna tunda. Hakuna anayemnong'onezea Mũmbi. Wakamba nao wana ile ya kinyonga: Mungu alimtuma aje kuwaambia watu kwamba watakufa na kufufuka. Kinyonga akatembea vile hutembea, akafika, akaanza kugugumia, na ndege akamwahi akasema watu watakufa na ndiyo basi. Kifo kikaingia duniani kwa sababu mjumbe alichelewa! John Mbiti, kasisi na mwanazuoni Mkamba kutoka Kitui, alikusanya simulizi za aina hii kutoka jamii nyingi za Afrika. Ukizisoma unaona mambo yanaharibika kwa ajali, kwa ujinga, kwa kutosikia. Adui mmoja mkubwa wa Mungu, mwenye jeshi na mipango yake, ni nadra.

Si ati wazee hawakujua uovu. Waliujua sana, ila kwao ulikuwa na mtu: mchawi, mwizi, anayekula kiapo cha uongo. Shetani mwenyewe ni neno la Kiarabu lililoshukia Pwani likapanda bara, na Wakikuyu wakalifanya Caitaani. Halafu kuna neno letu ngoma. Kenyatta kwenye kitabu chake cha mwaka 1938 anaeleza ngoma kuwa roho za waliotutangulia, watu wa familia, wa kuheshimiwa na kumwagiwa pombe. Leo ukimwita mtu ngoma kwa Kikuyu, umemwita shetani. Yaani babu zetu walihamishwa upande bila kuulizwa.

Sehemu ya hiyo kazi ilifanyika hapa karibu. Ukipanda matatu Kangemi ukapita Uthiru na Kinoo, unafika Kikuyu. Thogoto ni jina lililotokana na Waskoti, wamishonari waliofungua misheni pale mwaka 1898. Jirani yake ndipo ilipo Alliance, iliyofunguliwa 1926, na mwaka 1955 akaingia hapo kijana wa Limuru aliyeitwa James Ngugi. Alitoka akiijua Biblia kama mhubiri. Mwaka 1970 akaalikwa kuhutubia mkutano mkuu wa Kanisa la Presbyterian hapa Nairobi, akawaambia yeye si mtu wa kanisa, wala si Mkristo. Inasimuliwa kwamba mzee mmoja alisimama akamkemea: utasemaje wewe si Mkristo na unaitwa James? Mzee alikuwa na pointi. Baadaye James akaondoka, akabaki Ngũgĩ wa Thiong'o.

Miaka saba baadaye alifungwa bila kesi kwa sababu ya mchezo wa kuigiza kijijini kwake, na ndani ya Kamiti, mwaka 1978, akaandika riwaya nzima juu ya karatasi za choo. Ikatoka kwa Kikuyu 1980. Nakala yangu ni ya Kiswahili, Shetani Msalabani, niliyopata kwa wale wauza vitabu wa inama-uchague wiki aliyofariki, Mei 2025. Bei ya chipsi na soda.

Wasee, hicho kitabu! Warĩinga ni sekretari hapa tao. Anafutwa kazi kwa kumkatalia bosi, anafungiwa nyumba Ofafa Jericho, anakaribia kuacha basi limkanyage. Anaenda Nyamakima kutafuta matatu. Nyamakima hiihii, yenye makanga wa kukunyakua mkono. Na tangu akiwa msichana wa shule ameota ndoto moja: watu wa matambara wamemkamata shetani na kumpigilia msalabani. Shetani amevaa suti ya hariri. Baada ya siku tatu wanakuja watu wengine, nao wa suti na tai, wanamshusha polepole, wanampigia magoti.

Nilifunga kitabu hapo nikaangalia dirisha la matatu kwa muda. Ni stori ya Pasaka, kila kitu kiko, lakini aliyefufuliwa si yule. Na waliomfufua hawana pembe wala pete za ajabu. Wana tai.

Ndani ya ile matatu kuna abiria anasimulia upya mfano wa talanta. Bwana anayesafiri ni mkoloni, na yule mtumwa tuliyefunzwa Sunday School kwamba ni mvivu, aliyezika pesa, ndiye pekee anayemwambia bwana ukweli usoni. Halafu wanafika kwenye mashindano ya wezi, ambapo kila mwizi anapanda jukwaani kujigamba. Mmoja ana mpango wa kuuzia watu udongo kwenye mikebe, akimaliza awauzie hewa. Nilicheka, kisha nikakumbuka bei ya ploti huku Kikuyu na Kinoo, nikaacha kucheka.

Na kabla mniambie: ndio, nimeona alichosema mwanawe Mũkoma mwaka 2024, kwamba babake alimpiga mamake. Mimi siwezi kuliruka hilo kwa sababu napenda kitabu. Mtu anaweza kukuchorea ramani nzuri ya uovu na asiweke nyumba yake kwenye ramani.

Sasa turudi Nyayo House. Wahome Mutahi, yule wa safu ya Whispers iliyowachekesha wazazi wetu kila Jumapili, alikamatwa mwaka 1986 akituhumiwa kuwa wa Mwakenya, akapitia hizo seli, kisha akafungwa. Wenzake wengi wamesimulia maji yaliyomwagwa sakafuni mpaka ngozi ya miguu ikaanza kutoka, giza, njaa, kisha lifti ya kupelekwa juu kuhojiwa. Ghorofa za kati watu wakipigiwa mihuri kama kawaida. Mutahi aliandika riwaya juu ya mateso hayo, na tazama aliipa jina gani: Three Days on the Cross. Siku tatu, msalaba. Waandishi wawili waliofungwa na serikali mbili za nchi moja, na wote wawili wakafika Kalvari kutafuta lugha ya kusemea.

Kuna besimenti nyingine ambayo hatuiongelei, na kutoka Nyayo House unafika kwa mguu. Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa Uhuru Park wakidai watoto wao, Wangari Maathai akiwa nao. Tarehe 3 Machi polisi wakaja na rungu na gesi. Baadhi ya wale mama wakavua nguo. Kama hujakulia kwa shosho unaweza kudhani ni fujo. Hiyo ni laana. Mama wa rika la mamako akikuonyesha uchi wake kwa makusudi, amekutoa kwenye watu. Polisi wengine waligeuza nyuso. Halafu hao mama wakaingia All Saints Cathedral, kanisa la Kianglikana lililojengwa na Waingereza, na kanisa likawapa hifadhi chini huko kwa karibu mwaka mzima. Fikiria: laana ya kienyeji na kanisa la mkoloni, upande mmoja. Yule aliyehamisha babu zetu upande angepata shida kuwapanga hao.

Watoto wengi wa wale mama walikuwa wameachiliwa kufikia 1993. Oktoba 1994, rais Moi akaunda tume. Tume ya nini? Ya kuchunguza ibada ya shetani nchini. Mwenyekiti alikuwa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Ripoti ilikabidhiwa 1995, ikakaliwa, ikatolewa 1999. Ndani mna madai ya kafara za binadamu, kula watu, miujiza ya kishetani, na baadhi ya madhehebu madogo yakatajwa kuwa milango ya shetani.

Angalia hizo tarehe. Kati ya 1991 na 1993 kulikuwa na Goldenberg: kampuni inadai inauza dhahabu na almasi nje, hazina inailipa fidia ya asilimia 35, na nchi yenyewe karibu haina dhahabu ya kuuza. Mabilioni. Tume ya Goldenberg, ile ya Jaji Bosire, iliundwa 2003, baada ya Moi kutoka. Kwa hivyo shetani alipata tume miaka tisa kabla ya wezi.

Sisemi Kirima alikuwa mtu mbaya, na sisemi hakuna Mkenya aliyewahi kufanya jambo la giza usiku. Nasema watu wakiwa wamelemewa na uovu wasioruhusiwa kuutaja, hutafuta ule wanaoruhusiwa. Mambo yaliendelea hivyo. Katikati ya miaka ya 2000 St Andrew's, hapo karibu na chuo kikuu, iling'olewa vioo vya rangi kwa sababu vilishukiwa kuwa na alama za Freemason. Vioo! Na shule zikaachiwa ule woga, kila kizazi kikimpokeza kinachofuata, mpaka ukafika kwenye dawati letu.

Ndiyo maana Juni 2024 ilinishtua kwa namna nyingine. Vijana wa umri wetu walimwita rais Zakayo, yule mtoza ushuru, wakamtaka ashuke mtini. Hakuna aliyezungumzia pembetatu. Biblia ilirudi tao ikiwa na hesabu za bajeti mkononi, kama ile ya Ngũgĩ ndani ya matatu. Kitu kimoja tu tulikisahau. Tulikumbuka mti, lakini ukisoma Luka 19 hadi mstari wa nane, Zakayo akishashuka anaahidi kumrudishia kila aliyemdhulumu mara nne. Novemba mwaka huohuo Askofu Mkuu Anyolo wa Nairobi alirudisha pesa ambazo rais alikuwa ametoa kwenye kanisa moja la mashariki mwa jiji. Ilikuwa mara moja, sawa. Lakini kwa miaka mingi bahasha za wanasiasa zilikuwa zinapita madhabahuni huku tukihubiriwa juu ya pete za wasanii.

Nilimtafuta yule msichana wa dawati langu. Ilichukua siku tatu na marafiki wa marafiki. Anakaa Kawangware, dakika ishirini kutoka kwetu, miaka hii yote. Nilimwomba msamaha kwa ile amina. Hakusema amenisamehe. Aliuliza kama bado nakohoa usiku, kwa sababu nilikuwa nikimwamsha.

Nilimtumia hii makala kabla yenu. Akasema niweke, ila nitoe jina lake na la shule, nami nimetoa. Akarekebisha kitu kimoja. Ile haikuwa joka. Ilikuwa kinyonga, nyanya yake ni wa Machakos na alikuwa amemsimulia likizoni. Nikamuuliza kama bado ana lile daftari. Akasema lilibaki ofisini, hakuwahi kurudishiwa.