Mapenzi na kicheko vilipoachana Bongo

Mchekeshaji Mzee Small alikuwa mtu wa Tabata. Said Ngamba, kwa jina alilopewa na wazazi wake, aliishi huku huku kwetu mpaka alipofariki Juni 2014, na akazikwa makaburi ya Segerea. Waliokuwa na televisheni, au jirani mwenye televisheni na moyo wa kufungua mlango, wanamkumbuka akivutana na mwigizaji mwenzake Bi Chau. Vichekesho vyao vilikuwa vifupi, lakini ndani yake mlikuwa na ndoa nzima: wivu, ukata, uongo mdogo wa mume, na ulimi wa mke usiokopesha.

Naanza naye kwa makusudi. Wengi wakisimulia filamu za mapenzi za kuchekesha hapa nchini huanza na mwigizaji Steven Kanumba. Wanachelewa sana kuanza.

Kabla hata ya Mzee Small, wazazi wetu walipata mapenzi yao na kicheko chao kwenye filamu za Bombay. Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilipendwa Unguja na Dar es Salaam na watu wasiojua Kihindi hata neno moja. Bobby ilipotoka mwaka 1973 ikawakuta vijana wa mjini wakiwa tayari na mahali pa kuiangalia: Drive-In ya Msasani, iliyofunguliwa mwaka 1966, ambako familia ilikaa ndani ya gari, na wasio na gari walijua namna yao ya kuingia. Uwanja ule leo una ubalozi wa Marekani. Majumba ya katikati ya mji, Empress, Avalon na Odeon, nayo yakafifia moja baada ya jingine video ilipoingia sebuleni.

Televisheni ilifika Tanzania Bara mwaka 1994, miaka 20 baada ya Zanzibar. Ndipo michezo ya kuigiza ya ITV ikatushika. Mambo Hayo ilikuwa na mapenzi ya mjini yenye fitina, kisha likaja kundi la Kaole, ambalo ndilo lililowapika Ray, Johari na Kanumba mwenyewe. Saa ya Kaole ikifika, mtaa ulitulia.

Mwaka 2003 ikatoka Girlfriend, iliyoongozwa na George Tyson. Ilichanganya mapenzi na muziki wa kizazi kipya, na mwanamuziki TID akiwa miongoni mwa waigizaji. Wasambazaji wa Kariakoo wakagundua kitu rahisi: Mtanzania atatoa hela kumwangalia Mtanzania mwenzake akipenda, akisalitiwa na akitongoza kwa Kiswahili cha Dar. Ndani ya miaka michache filamu zilikuwa zinatengenezwa kwa siku kumi hivi, kwenye nyumba ya kukodi yenye sofa kubwa, zikipewa majina ya Kiingereza, lugha ambayo hata waigizaji wenyewe hawakuitumia kuongea, na hadithi moja ikikatwa vipande viwili ili ununue diski mbili. Ujanja huo wa sehemu ya kwanza na ya pili ulituudhi, lakini tulinunua.

Hapa Tabata laibrari za video zilijaa, kuanzia Bima hadi Kimanga na Segerea. Fremu moja, kaunta ya mbao, ukuta mzima wa makava yenye sura kubwa. Unaandikwa kwenye daftari, unaondoka na diski ya usiku mmoja. Mazungumzo ya kaunta yalikuwa yale yale kila jioni:

“Shikamoo mama. Leo zimeingia mbili mpya.”

“Marahaba mwanangu. Nipe ya mapenzi, ila isiwe ya kuniliza. Ya kulia ninayo nyumbani.”

Mteja huyo soko halikumtosheleza hata wakati wa neema. Tuseme ukweli: filamu nyingi za Bongo za mapenzi zilikuwa za machozi, zenye mama mkwe katili na hospitali mwishoni. Aliyetaka kucheka alipelekwa rafu nyingine, kwa King Majuto wa Tanga na Sharo Milionea. Zilizounganisha vyote viwili kwa ustadi zilikuwa chache. Kanumba alijaribu wepesi huo kwenye Uncle JJ ya mwaka 2010, na nadhani hapo alikuwa bora kuliko alipolia.

Kisha ukaja mwaka 2012. Kanumba alifariki Aprili 7 nyumbani kwake Sinza. Maelfu walijaa viwanja vya Leaders kumuaga, na akazikwa Kinondoni. Novemba 26 Sharo Milionea akafa kwa ajali ya gari Muheza. Desemba 31, saa sita usiku, mitambo ya analojia ikazimwa Dar es Salaam, na asiye na king'amuzi akabaki na kioo cheusi. Gazeti lolote litakwambia kwamba filamu za Bongo zilikufa pamoja na Kanumba. Mimi nautilia uzito msiba wa tatu, ule wa king'amuzi, ambao hakuna aliyeulilia.

Fedha ya filamu zile ilikuwa kwenye diski. Hakukuwa na majumba ya sinema ya kutosha kuilipia filamu, wala kituo cha televisheni kilichotoa bei ya maana. Kila kitu kilisimama juu ya kipande kile cha plastiki, na plastiki ilikuwa inaliwa pande zote: na wanakili wa mitaani, na kijana anayekujazia flashi filamu kumi kwa bei ya soda chache, na king'amuzi kinacholipiwa kwa mwezi. Mwaka 2013 ikaja stempu ya TRA kwenye diski. Ilikusudiwa kumtofautisha halali na mwizi, lakini mwizi hakubandika. Aprili 2017 wasanii waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zisizolipiwa kodi. Wananchi wengi waliwacheka. Diski yenyewe ilikuwa inaondoka, iwe ya nje au ya ndani.

Hollywood iliumwa ugonjwa huo huo. Mwaka 2002 My Big Fat Greek Wedding ilitengenezwa kwa dola milioni 5 hivi na kuingiza zaidi ya milioni 360 duniani. Mauzo ya DVD yalipoanguka, studio kubwa zikaona filamu ndogo ya watu wawili wanaopendana haina pa kurudishia gharama, zikahamia kwa mashujaa wanaoruka. Netflix ndiyo iliyoziokota baadaye.

Kwetu, aliyeyaokota mapenzi ni tamthilia. Azam TV, ambayo makao yake yako hapa hapa Tabata kando ya Barabara ya Mandela, ilianza Desemba 2013, na baadaye ikatuletea Sultan ya Waturuki kwa sauti za Kiswahili; mtaa ukaanza kumzungumzia Hurrem kama jirani. Kabla yake TBC ilikuwa imeonyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, nayo ilikuwa na kicheko kizuri cha nyumbani. Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake ya Dar es Salaam, Machi 2013. Maisha Magic Bongo wakaleta Huba, kisha Jua Kali ya mwongozaji Lamata.

Tatizo la tamthilia ni hili: haiwezi kumudu harusi. Filamu ya mapenzi ya kuchekesha inakimbilia ndoa na kuishia hapo. Tamthilia ikiwaoza wawili wakafurahi, kesho haina cha kuonyesha, kwa hiyo bibi harusi atatekwa, au mume atagundulika ana mtoto Morogoro. Mapenzi yakahamia kwenye mateso yasiyoisha. Kicheko nacho kikaenda kwenye simu, kwenye video za dakika moja, na jukwaani kwa Cheka Tu, ambako kinaishi vizuri lakini peke yake.

Basi uangalie nini? Kwa mapenzi yenye akili, tafuta Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Adam Shafi. Ilionyeshwa Toronto mwaka 2021 na mwaka uliofuata ikawa mwakilishi wa Tanzania kwenye Oscar. Si ya kuchekesha, ila Yasmin na Denge wanapendana kama watu wazima. Binti ya Seko Shamte, ya mwaka 2021, inawaangalia wanawake wanne wa Dar bila kuwahurumia kupita kiasi. Ukitaka kicheko na mahaba kwenye sahani moja, vuka mpaka: Disconnect ya Tosh Gitonga, ya Nairobi, mwaka 2018, inafanya kile ambacho sisi tumeacha kufanya. Na wenye king'amuzi mjaribu Jua Kali, mkijua mapema kwamba furaha ya mtu pale haidumu.

Tyson, mwongozaji wa Girlfriend, alifariki Mei 2014, siku chache kabla ya Mzee Small. Majuto alifuata Agosti 2018. Kazi zao nyingi ziko kwenye kaseti na diski zilizotawanyika majumbani, zikikwaruzika. Kama una Girlfriend kwenye droo, au mkanda wa Mzee Small na Bi Chau, usiuuze kwa wa vyuma chakavu. Mpelekee kijana mwenye kompyuta auhamishe, na nakala moja umpe jirani.